Nasomea Leuven, migomba iko Kasulu

Nikisema nipo Ubelgiji nasomea migomba, watu wa nyumbani hushangaa: huko kwenye baridi migomba inaota wapi? Inaota ndani. Hapa Leuven, chuoni kwetu, ndipo palipohifadhiwa mkusanyiko mkubwa kuliko yote duniani wa aina za migomba, zaidi ya 1,500, miche midogo ndani ya vichupa vya kioo.

Mimi nashughulika na bakteria wa mnyauko, ugonjwa ambao Kagera wanauita unyanjano. Ulielezwa kitaalamu Ethiopia mwaka 1968. Uganda ulionekana 2001, na 2006 ukagunduliwa Kagera, majirani zetu sisi wa Kigoma. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya kukomaa, ukizipasua ndani ni kahawia. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Dawa ya kuuponya hakuna.

Ushauri wa zamani ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Wengi hawakung'oa, na siwezi kuwalaumu: unamwambiaje mtu mwenye watoto afukue chakula chake? Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi. Ukiwahi, unakata mgomba ule unaoumwa tu, usawa wa ardhi, na unarudia kila unapoona mwingine. Swali langu liko hapo hapo: kwa nini chipukizi moja liambukizwe na la pembeni yake libaki zima?

Baba hana muda wa kusubiri jibu. Hunipigia na kuuliza, "Sasa mwanangu, leo nifanye nini?" Namwambia ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotoka, maana wadudu huchukulia bakteria pale. Panga lipitishwe kwenye moto au lisafishwe kwa jiki kila linapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine.

La panga ndilo gumu. Mnunuzi wa mikungu huja na panga lake, ametoka kukata kwa jirani, na kwetu kumwambia mgeni asafishe panga kwanza ni kama kumtuhumu. Nilimweleza Baba hivyo hivyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitakuwa namkatia mwenyewe." Tangu hapo mnunuzi anakabidhiwa mkungu barabarani, haingii shambani, na majirani wawili nao wameanza kufanya hivyo.