Majimoto wako wapi?

Mpwa wangu kaingia juzi kutoka Newala na mihogo ndani ya gunia lililowahi kubeba salfa. Mke wangu kalisukumia nje ya mlango wa jikoni, hataki hata kulisikia. Mimi nimeliinamia kama mwizi, nikalinusa mara mbili.

Ilikuwa Julai 1997, kabla ya zile mvua za El Niño. Mche ule mjomba alikuwa ameuleta mwenyewe kwa baiskeli, mkorosho wa kubebeshwa kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, akaupanda karibu na choo chetu na kunikabidhi mimi. Si kaka, mimi. Na kwetu Umakondeni, ukikabidhiwa kitu na mjomba, umekabidhiwa kweli. Mwaka wa tatu ulikuwa umenizidi kimo kidogo, majani machanga yanatoka na wekundu wake, mara ncha zikaanza kujikunja na kukauka, nyeusi tii.

Nilijua ni nini. Msimu ule kijiji kizima kilikuwa na ugonjwa mmoja mdomoni, ubwiriunga, na dawa moja, salfa. Nikachota ya baba kikombe kizima, nikaitia kwenye soksi, alfajiri umande haujakauka nikawa naung'utia mti kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Siku nne. Mti ukawa wa njano, mimi nikawa wa njano, macho yakiwasha, na ncha zikaendelea kukauka.

Mjomba akaja Ijumaa jua halijachomoza. Shikamoo yangu aliipokea kwa kichwa tu. Akachuchumaa mbele ya mti, akageuza jani, akalipuliza salfa ikapeperuka.

"Unga wake uko wapi?"

Nikamwonyesha ule wa njano.

"Huo wako. Ubwiriunga una unga mweupe, kama jani limeangukia kwenye sembe. Wa huyu uko wapi?"

Haukuwepo. Kulikuwa na madoa meusi yenye pembe, yamefuata mishipa ya jani, na kwenye vijiti vichanga michirizi mirefu kama alama za kucha. Mjomba akakinga kiganja chini ya chipukizi, akaligonga kwa kidole. Kakadondoka kadudu kembamba ka rangi ya kutu, miguu mirefu, mgongoni kamesimamisha kitu kama pini. Akakasogeza karibu na pua yangu.

"Mbu wa mikorosho. Anafyonza. Salfa kwake ni poda tu."

Kisha akainua macho, akayapitisha tawi kwa tawi, taratibu.

"Majimoto wako wapi?"

Sikujibu. Wiki mbili nyuma walikuwapo, wale sisimizi wakali wa mitini, wameshona majani, viota vitatu. Lakini tawi moja lilikuwa limeegemea mlango wa choo, na kila ukiingia wanakudondokea kwenye kola. Jioni moja niliwasha makuti makavu nikawachoma wote. Nani alijua kwamba wale ndio waliokuwa wakimfukuza mbu?

Mjomba akalishika tawi lile la mlangoni. Weusi wake haukufanana na wa matawi mengine. Ulikuwa umetambaa mpaka kwenye gome. Akalitazama. Akapitisha kidole gumba, akakiangalia kidole. Akaliachia.

Saa nne alirudi na kiota kizima ndani ya gunia, mikono imemvimba, akakitundika, akafunga kamba kutoka mwembe wa jirani uliojaa majimoto hadi kwenye mkorosho wangu. Mchana walikuwa wanapita juu ya kamba kwa foleni. Mti ukapona, ukazaa, hayo mengine ya kawaida.

Hakuniuliza tena. Mara moja tu, nimeshaoa, tumekaa chini ya mkorosho uleule, alikuwa anafyonza bibo, maji yanamtiririka kidevuni, akasema, "Huu uliungua, huu." Akacheka.

Sasa, kwetu mti ukikaushwa na mdudu au ugonjwa husemwa umeungua. Ukichomwa moto pia, umeungua. Nami nikacheka.