Jumatatu ya Matokeo

Tarehe 18 Februari 2013 iliangukia Jumatatu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwa mtu wa Dodoma hakuna habari njema kuliko hiyo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na Februari ikikauka, mtama na mahindi vimekwenda. Kijiji kizima kilikuwa kwenye palizi. Mimi nilikuwa kwenye kituo chetu cha intaneti cha kijiji nikikagua betri, maana wingu likitanda siku mbili mfululizo sola haijazi kitu.

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja katika ghala la zamani la ushirika, wilayani Kongwa, mwendo wa bodaboda kutoka barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Tulikuwa na kompyuta sita zilizokwishatumika kwingine, printa moja, mashine ya fotokopi na mabenchi. Kwenye mafunzo tulikuwa tukitajiwa kituo cha Sengerema, mkoani Mwanza, kilichoanza mwaka 2001, kwamba huko wanakijiji wanaingia kwenye mtandao bila kupanda basi kwenda mjini. Sisi tulianza na dishi la setilaiti. Setilaiti ya namna ile iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo kila unachobofya kinapanda mpaka huko na kushuka ndipo ukurasa uanze kufunguka, na ada yake ya mwezi ilizidi mapato yetu yote. Ufadhili ulipokwisha, dishi likazimwa, tukahamia kwenye modemu ya laini ya simu. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam tangu 2009 na watu wa mijini walikuwa wakisifia kasi. Kwetu kasi ilitegemea mnara mmoja uliokuwa upande wa pili wa kilima.

Kifurushi cha intaneti kililipiwa na simu tulizochaji na vyeti tulivyotoa fotokopi. Naliweka wazi hili kwa sababu wageni waliokuja kututembelea waliuliza idadi ya watu wanaoingia mtandaoni tu, na simu zile zilizojipanga ukutani na waya zake hawakuziangalia.

Mchana redio ikatangaza. Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi, Dk. Shukuru Kawambwa, alikuwa ametoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya watahiniwa 240,000 wamepata divisheni sifuri, yaani wamefeli. Kama sitini katika kila mia. Mzee aliyekuwa akisubiri simu yake ijae chaji akaniambia nimwongezee sauti, akidhani amesikia vibaya.

Haikupita nusu saa nikawaona wanakuja. Wengine walitoka shambani moja kwa moja, majembe begani na matope mpaka magotini, wakayaegemeza majembe ukutani na kuingia. Walikuwa wahitimu wa shule yetu ya kata na za jirani. Nawafahamu wale watoto. Shule zao zilikuwa na walimu wachache wa sayansi, maabara hazikuwa na vifaa, na wengi wao kipanya cha kompyuta walikishika mara ya kwanza hapa kituoni. Hao ndio waliokuwa wakienda kusoma hatima yao kwenye kompyuta.

Kila aliyeketi alitaka kufungua ukurasa wa shule yake, na kwa laini ile kompyuta sita zikivuta pamoja hakuna hata moja inayofika. Duara linazunguka, kisha maandishi kwamba ukurasa haupatikani. Nikawaomba wote waziache. Nikachomoa mashine tano kwenye mtandao, nikabaki na moja. Nikafungua shule moja, nikauhifadhi ukurasa wake kwenye mashine, nikaenda shule ya pili, nikauhifadhi, hivyo hivyo mpaka shule zote za watu waliokuwa mle ndani zikaisha. Kisha nikazihamisha kwa flashi kwenda mashine nyingine. Kuanzia hapo hatukuuhitaji mnara tena. Ukurasa ukishashuka mara moja unasomwa na mia.

Kijana mmoja akasema nichapishe tubandike mlangoni, tumalize. Wengi wakamuunga mkono, na kweli ingekuwa rahisi. Nikakataa. Kwenye ukurasa ule hakukuwa na majina, kulikuwa na namba ya mtihani, jinsia, pointi, divisheni na alama za kila somo, lakini katika darasa la watu arobaini wanaofahamiana tangu chekechea, namba haifichi mtu. Siku ile kutundika karatasi mlangoni kungekuwa kumwanika mtoto wa mwenzako mbele ya wachuuzi na wapita njia. Nikazigeuza kompyuta mbili zitazame ukuta, nikaweka kiti kimoja kwa kila moja, na wengine wakangoja nje chini ya mwembe. Mmoja anaingia, anakaa, anatafuta namba yake, anakaa mpaka atosheke. Sikuwahimiza watoke.

Walivyotoka ndivyo ninavyowakumbuka zaidi. Msichana mmoja alipata divisheni ya tatu, akatoka ameinamisha kichwa kama waliofeli, kwa sababu rafiki yake wa dawati moja alikuwa benchini na alikuwa amekwishaona yake. Kijana mwingine alirudi kuangalia tena na tena, akidai nimehifadhi ukurasa wa shule isiyo yake. Nikamwonyesha jina la shule pale juu. Akaniambia, "Sawa, dada," akachukua jembe lake akarudi shambani. Ilikuwa imebaki saa moja jua lizame.

Karibu na kufunga akaja mama mmoja. Tulisalimiana Kigogo, kisha akafungua pindo la khanga na kutoa kikaratasi chenye namba. Binti yake alikuwa Morogoro kwa shangazi yake, akimsaidia kazi huku akisubiri matokeo.

"Nisomee, mwanangu. Mimi macho yangu hayajui maandishi."

Nilimvutia kiti karibu na changu. Namba niliiona upesi: divisheni sifuri, D moja ya Kiswahili, kwingine kote F. Katika hesabu ya wakati ule, D mbili au C moja ndiyo ilikuwa mlango wa kuingia divisheni ya nne. Binti alikwamia D moja.

"Mama, hajafaulu," nikamwambia. "Ila Kiswahili kapata. Alikosa somo moja kama hili avuke."

Akanyamaza, kisha akauliza jambo ambalo hakuna kijana aliyeniuliza siku ile nzima. "Wako wangapi kama yeye?"

Nikamsomea aliyoyasema waziri. Nikamhesabia na ukurasa wa shule yao, mstari kwa mstari, kidole changu kwenye kioo na chake kando ya changu. Sifuri, sifuri, nne, sifuri, sifuri. Tulifika mwisho. Akasema, "Basi si huyu mmoja aliyekuwa mzembe." Akaomba simu, tukampigia binti. Nilitoka nje nikawaachia chumba.

Nilifanya kazi pale baadaye pia, na nimewasikia wengi wakisema siku hizi kila mtu ana simu, kituo cha nini. Jibu langu ni mama yule. Namba angeweza kusomewa na yeyote mwenye simu njiani. Lakini alihitaji mtu wa kuketi naye mpaka alielewe lile alilosomewa.

Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliunda tume, na mwezi Mei Serikali ikatangaza bungeni, hapa hapa Dodoma, kwamba matokeo yale yanafutwa na madaraja yatapangwa upya. Yalipotoka safari ya pili tulikuwa kwenye mavuno, jua kali, betri zimejaa. Mama akaja na binti mwenyewe. Binti aliketi, akatafuta shule, akashuka kwenye orodha mpaka kwenye namba yake. Divisheni ya nne. D za Kiswahili, Biolojia na Jiografia.

Mama akafurahi mpaka akapiga kigelegele, nami nikafurahi naye. Kisha tukaanza kazi. Vyuo vingi vya cheti tulivyovifungua vilitaka D nne, naye alikuwa na tatu. Nikamweleza binti kwamba anaweza kurudia masomo machache kama mtahiniwa wa kujitegemea, si lazima arudie yote. Akachukua kalamu, akaandika Uraia, akaandika Historia, akasita kwenye Kemia, akaiacha.

"Ada yake ikoje?" mama akauliza.

Nikafungua ukurasa mwingine, tukasubiri ushuke.