Mfuko wa vifaranga mapajani

Leo alfajiri, Stendi ya Magufuli, Mbezi. Nasubiri basi la Moshi.

Kaka mmoja akaniambia, "Dada, naomba unishikie huu, nikapange mingine."

Mfuko wa nailoni. Chini maji, juu oksijeni, umefungwa kwa mpira. Ndani vifaranga vya samaki aina ya perege, kila kimoja kama ncha ya kidole changu. Wanaenda kupandikizwa kwenye bwawa la kijiji cha kaka huyo, Mwanga.

Mimi nimekulia kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Baba alikuwa akileta perege wa kujaa sahani. Makokoro, nyavu za kukokota, yakakomba hadi wachanga.

Nikamuuliza, kwa nini perege? Akasema ndio samaki wa kwao. Nikafarijika sana. Sangara, samaki mgeni, alipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilikuja kutoweka.

Vifaranga walikuwa wakigonga nailoni. Kugonga kudogo kudogo, kwenye kiganja changu. Mpaka sasa nausikia mkono ukicheza.

Jamani, wakifika waachwe wakue kwanza, wazaane, ndipo nyavu ziingie.

Wa bwawa la Mtera, wa Nyumba ya Mungu, huko samaki wakoje siku hizi? Niambieni.