Kumbe baiskeli ya umeme si kama friji
Jamani mwenye baiskeli ya umeme asome ile mikaratasi ya bima ya nyumba kabla hajalala usingizi wa pono. Mi nilijua yangu imo tu kama tivii na friji, kumbe kila kitu kimoja kina kikomo chake cha malipo na bei ya baiskeli imeshakipita, ikabidi niiandikishe peke yake na namba ya fremu. Halafu ikiibiwa nje ya nyumba lazima iwe ilifungwa kwenye kitu kisichong'oka, na wanataka risiti ya kufuli, kufuli jamani! Betri ikichakaa yenyewe hawalipi. Mwisho dada wa kwenye simu kaniuliza mota wati ngapi, nikatoka na tochi kusoma kibandiko, 250, akasema ingezidi hapo wangeihesabu pikipiki.