Kiyeyushi kwanza

Jumatano jioni, Chiromo, Nairobi

Leo mwanafunzi wa mwaka wa tatu alisimama karibu na meza yangu ya maabara akauliza, "Dada, glukosi inayeyuka vizuri kabisa kwenye maji, na maji ni rahisi. Ethanoli ni ya nini?" Nilimjibu kwa ufupi maana alikuwa anakimbilia darasa. Jibu kamili naliandika hapa, kwa sababu naona swali hilo ndilo moyo wa kazi yangu yote: kugeuza glukosi kuwa fruktosi, sukari ya matunda.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19, Wadachi wawili, Lobry de Bruyn na Alberda van Ekenstein, walionyesha kwamba besi, yaani kemikali inayovuta protoni, hugeuza glukosi kuwa fruktosi. Besi hunyang'anya kaboni ya pili protoni yake, sukari inapita katika hali ya muda iitwayo enedioli, kisha protoni ikirudi kwenye kaboni ya kwanza tunapata fruktosi. Viwandani kazi hii hufanywa na kimeng'enya, protini inayoharakisha mmenyuko, kwenye nyuzi 60 hivi, na sharubati inayotoka huwa na fruktosi karibu asilimia 42. Kichocheo changu, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, ni haidrotalsaiti, besi yabisi yenye matabaka ya magnesiamu na aluminiamu. Uzuri wake ni kwamba ukimaliza unaichuja na kuitumia tena.

Yaani, ukiweza kuichuja yote. Ndani ya maji moto, sehemu ya magnesiamu huyeyuka na kutoka kwenye kichocheo, na hapo hujui tena ni kigumu kinachofanya kazi au ni besi iliyokwisha kuingia kwenye maji. Kuna jaribio la kujua: chuja mchanganyiko ungali moto, uendelee kupasha kimiminika peke yake. Fruktosi ikizidi kuongezeka, kigumu hakistahili sifa zote. Tena majini fruktosi haitulii. Inavunjika na kutoa asidi, ya laktiki ikiwemo, na asidi hizo zinaziba vituo vya besi kimoja baada ya kingine huku kimiminika kikigeuka kahawia.

Ethanoli hupunguza uyeyukaji huo wa magnesiamu, na fruktosi huharibika kwa kiasi kidogo kuliko majini. Bei yake ni kwamba glukosi huyeyuka humo kwa shida, kwa hiyo unafanya kazi na sukari kidogo. Naikubali bei hiyo. Ethanoli sisi Wakenya tunaitengeneza wenyewe kutokana na molasi ya miwa, kule Muhoroni. Viyeyushi vingine viwili, DMF na DMSO, huyeyusha sukari vizuri, lakini zinachemka kwenye nyuzi 153 na 189. Kuziondoa kwenye sukari ni kazi ngumu, na DMF hudhuru ini. Kwa kitu kitakacholiwa, siitaki.

Ila maji hayafukuzwi kabisa, na hili ndilo linalonivutia zaidi. Haidrotalsaiti ikichomwa kwenye nyuzi 450 hivi matabaka huporomoka. Ikirudishiwa maji, mbali na kaboni dioksidi ya hewani, matabaka hujijenga upya yakiwa na haidroksidi mahali palipokuwa na kaboneti. Besi hiyo ina nguvu zaidi. Basi maji kidogo hukijenga kichocheo kilekile ambacho maji mengi hukidhoofisha.

Jambo la Nairobi lenyewe: tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na ethanoli hapa huchemka karibu nyuzi 73, si 78. Maelezo yanayosema tu "chemsha, mvuke urudi chomboni" yaliandikwa kwa miji ya pwani. Ukiyafuata hapa mmenyuko unakwenda polepole, ukalaumu kichocheo bure. Natumia chombo kilichofungwa na kipimajoto ndani yake.

Kesho naanza mfululizo wa ethanoli yenye maji kwa viwango tofauti, kichocheo kikiwa kilekile. Nimemwambia yule mwanafunzi aje asubuhi, tuchuje pamoja kungali moto.