Ngazi zetu zilivyopata wateja

Kwenye jengo letu la ofisi hapa Kisumu, foleni ya lifti asubuhi ilikuwa ndefu, na wengi walishukia ghorofa ya pili tu. Joto letu ni kisingizio kizuri, sikatai. Nikaenda kuzikagua ngazi: giza totoro, maboksi ya karatasi kila kona, harufu ya paka. Nani apande huko? Nikamwomba msimamizi aweke balbu, aondoe maboksi, papigwe deki. Kisha nikabandika karatasi juu ya kitufe cha lifti: “Ghorofa ya pili? Ngazi hapo kushoto.” Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ngazi zinahesabika. Siku hizi mama chai na chupa zake anapata lifti bila kusukumana.