Kubandika raba za raketi ya mashindano ya mpira wa meza: ninavyofanya mwenyewe

Raba, yaani ngozi ya mpira na sponji yake inayofunika ubao wa raketi, ya upande wa mbele naitoa baada ya wiki 3 au 4 za mazoezi ya kila siku, ngozi yake inapoanza kuteleza na mpira haunaswi tena. Ya upande wa nyuma inadumu zaidi. Kazi ya kubandika simwachii mtu, kwa sababu raketi nyingi zinazokataliwa na waamuzi huwa zimeharibikia hapa.

Kipimo cha kukumbuka ni milimita 4.0: ngozi ya raba, sponji na gundi kwa pamoja visizidi hapo. Ukinunua raba yenye sponji nene kabisa, gundi inabakiwa na nafasi ndogo mno. Halafu kuna harufu. Tangu 2008 gundi zenye viyeyushi vinavyopaa hewani haziruhusiwi, na raba mpya inaweza kutoka kwenye pakiti na mabaki ya gesi za kiwandani. Ndiyo maana naiacha wazi siku 3 kabla sijaigusa kwa gundi.

Kubandua raba kuukuu kunahitaji subira. Naanzia kona ya karibu na mpini, naivuta kwa mshazari, polepole, raba ikiwa imelala karibu na ubao. Ukiivuta kwa kuinyanyua wima, nayo ikiwa imeshika sana, inang'oa vibanzi vya tabaka la juu la mbao, na hapo ubao umepata kidonda kisichopona. Gundi iliyobaki naisugua kwa kidole hadi ijiviringe na kutoka yote. Kipande kidogo kikisalia, kitafanya kinundu chini ya raba.

Gundi ya maji naipaka tabaka 1 jembamba kwenye ubao na 2 kwenye sponji, kwa kuwa sponji inafyonza. Ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa kama kioo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona sehemu kubwa imeng'aa, wanabandika, kumbe pembeni bado kuna michirizi myeupe. Maji yaliyofungiwa ndani yanaleta mapovu, na raba inaachia ukingoni baada ya siku chache. Kwenye hewa kavu dakika 15 zinatosha. Kwenye unyevunyevu nangoja hata nusu saa, na situmii mashine ya kukausha nywele, maana inakausha juu tu.

Kubandika naanzia kwenye mpini. Nalinganisha ukingo wa chini wa raba na mwanzo wa mpini, kisha nailaza huku chupa ya mviringo ikibingirika nyuma yake. Mkono hauvuti kabisa. Raba iliyovutwa itataka kurudi ilivyokuwa: kingo zitanyanyuka, uso utapinda, na kipimo cha waamuzi cha unyoofu wa uso kitaikataa. Baada ya hapo naiweka chini ya vitabu vichache kwa saa 1. Uzito mkubwa unaibonyeza sponji, haisaidii.

Kukata, wembe uwe mpya. Raketi nailaza raba ikiwa chini juu ya ubao wa kukatia, wembe umesimama wima kufuata ukingo wa mbao, na nakata kwa mkupuo mmoja kutoka upande mmoja wa mpini hadi mwingine. Kila unaposimama unaacha jino. Raba ifike ukingoni bila kuzidi. Karibu na mpini, pale vidole vinaposhika, inaruhusiwa kupungua.

Mwisho naweka rula ya chuma juu ya uso, urefu, upana na mshazari, na kutazama kama mwanga unapita chini yake. Raketi ya pili naibandika siku hiyohiyo, kwa raba za aina ileile na unene uleule. Mechi ikishaanza huruhusiwi kubadilisha raketi, isipokuwa imeharibika kwa bahati mbaya kiasi cha kutotumika, na hapo mkono hautakuwa na muda wa kuzoea kifaa kigeni.